John Deacon, mpiga besi aliyejua kunyamaza

Habari za jioni, ndugu zangu. Nimefurahi kuona vijana wengi mmekuja na magitaa mgongoni.

Hapa Unguja mgeni akiuliza nyumba ya Freddie Mercury, hata mtoto atamwonyesha njia. Ni haki. Mwimbaji huyo wa bendi ya Queen ya Uingereza, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, amezaliwa hapa kwetu, tarehe 5 Septemba 1946. Lakini leo nimekuja kumzungumzia mwenzake aliyemshikia mdundo miaka 20, John Deacon, mpiga besi wa Queen. Mimi nakung'uta besi, na katika wote waliopita kwenye chombo hiki, huyu ndiye aliyenifundisha kunyamaza.

Deacon alizaliwa Leicester, Uingereza, tarehe 19 Agosti 1951. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Kwenye bendi yake ya utotoni alianza na gitaa la rithimu, baadaye ndipo akahamia kwenye besi. Wengi wetu tumeingilia mlango huo huo. Akaenda London kusomea elektroniki Chelsea College, akafaulu kwa daraja la kwanza. Mwaka 1971 Queen walikuwa wameshajaribu wapiga besi kadhaa bila kutulia na yeyote. Wakampata yeye, wa mwisho kuingia na mdogo kuliko wote. Albamu ya kwanza ilipotoka mwaka 1973, jina lake waliligeuza nyuma mbele wakaandika "Deacon John".

Ile elimu yake ya elektroniki haikupotea. Siku moja, mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliona kipande cha saketi kimetupwa kwenye takataka mtaani London. Akakiokota, akakifunga ndani ya kasha la spika ndogo, akakiunganisha na betri ya volti 9. Hakina kitufe cha kuongeza sauti, hakina cha kupunguza. Ukichomeka gitaa, kinalia basi. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, akakipenda. Zile sehemu ambazo gitaa lake linalia kama bendi nzima ya tarumbeta na klarineti, zimepita kwenye kikasha hicho cha jalalani. Kila nikikifikiria hunijia wazee wetu wa bendi za dansi waliokuwa wakifufua amplifaya kwa risasi ya kulehemu na waya wa kuokota.

Sasa besi yenyewe. Mwaka 1980 alitunga "Another One Bites the Dust". Sikilizeni. (Anapiga.) Sauti moja, mara tatu. Kisha hakuna kitu. Rudia tena, safari hii pigeni makofi pamoja nami. (Anapiga, ukumbi unapiga makofi.) Mmeona? Mguu wako umetaka kucheza pale pale nilipoacha kupiga. Kijana akikabidhiwa besi vidole humwasha, kila penye uwazi anapajaza. Deacon alipaacha. Alikuwa amewasikiliza sana Chic, bendi ya disko ya Marekani, hasa mpiga besi wao Bernard Edwards, na kama umewahi kumsikia Edwards utajua mara moja mdundo huu umechimbwa kisima gani. Waliurekodi Munich, na vyombo vingi humo alipiga mwenyewe.

Wenzake hawakuuamini wote. Roger Taylor, mpiga dramu, hakuona kama ni wimbo wa kutolewa peke yake. Michael Jackson ndiye aliyewasihi wautoe. Oktoba 1980 ukashika namba 1 Marekani, wiki tatu, na redio za Wamarekani Weusi zikaupiga kama wimbo wa nyumbani. Haya ni mambo ya mtu ambaye katika nyimbo zote alizoitungia bendi hakushika kipaza sauti hata kwa mmoja! "I Want to Break Free" wa mwaka 1984 ni wake. "You're My Best Friend" wa mwaka 1975 ni wake pia, alimtungia mkewe. Humo alipiga piano ya umeme, chombo alichojifunza wakati ule ule, na Freddie hakukipenda hata kidogo. Ila kuimba, aliimba Freddie.

Freddie akafariki tarehe 24 Novemba 1991. Mwaka uliofuata Deacon alisimama Wembley kwenye tamasha la kumkumbuka. Januari 1997 akapiga Paris, Elton John akiimba. Mwaka huo huo akarekodi na Brian na Roger wimbo mmoja wa kumuaga rafiki yao, kisha akaweka besi chini. Mwaka 2001 Queen walipotunukiwa Marekani kwa kuingizwa katika ukumbi wa heshima wa muziki wa roki, hakutokea. Bendi imezunguka dunia na waimbaji wengine bila yeye.

Wapo wanaosema aliwatupa wenzake. Siafiki hata kidogo. Brian na Roger wenyewe wamewahi kueleza kwamba kwenye mambo ya fedha bado wanamshirikisha. Kwangu mimi, yule ni mtu aliyempigia mwimbaji mmoja, mwimbaji akaondoka, na yeye akahisi mahali pale pasijazwe. Nani kati yetu atamlazimisha?

Basi toeni magitaa kwenye mifuko. Tunaanza na zile sauti tatu, polepole, na nitakuwa nasikiliza mnachofanya baada ya ile ya tatu.