Kwa nini betri ya Nakuru ilihamia Misri

Ahsante, mwenyekiti. Kabla sijasema lolote, hebu pitishianeni hii betri hadi kule nyuma. Wazee wetu huziita mawe ya tochi. Zilitengenezwa papa hapa Nakuru kwa zaidi ya miaka arobaini, mpaka Eveready ilipofunga kiwanda mwaka 2014. Mwaka huohuo Cadbury nayo ikazima mitambo yake Nairobi. Madukani hatukukosa kitu. Bidhaa zikawa zinaletwa kutoka Misri.

Mtu akiulizwa sababu, hujibu haraka: kodi. Kodi ipi? Kodi ya mapato ya kampuni Kenya ni asilimia 30. Tanzania 30, Uganda 30. Misri ni 22.5, sawa, lakini kodi hii hutozwa faida, na kiwanda kinachofungasha virago mara nyingi hata hiyo faida hakina.

Ifuateni betri yenyewe. Malighafi ilishushwa Mombasa, ikapanda lori zaidi ya kilomita 600 hadi hapa, ikapita kwenye mitambo inayokula stima ghali, kisha ikarudi barabarani kutafuta mnunuzi. Ya Misri inashuka bandari ileile ikiwa tayari kwa kuuzwa. Na tangu eneo la biashara huru la COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, lianze mwaka 2000, haitozwi ushuru wa forodha. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka huohuo, kwa hiyo betri hiyohiyo ikishukia Dar es Salaam, hesabu ni nyingine kabisa.

Simlaumu Mmisri. Eveready yenyewe ililia zaidi na betri rahisi za kutoka nje na zile feki. Na tukivunja mkataba wa COMESA, chai ya Kericho inayonywewa Cairo itakuwaje?

Kinachowachosha wenye viwanda ninaozungumza nao ni Juni, mwezi wa bajeti. Kiwanda hupangiwa miaka ishirini. Sheria ya fedha huja upya kila mwaka. Mwaka 2023 VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya mafuta iliruka kutoka asilimia 8 hadi 16. Ile VAT unayodai urejeshewe nayo inakawia, nawe unakopa benki ulipe mishahara.

Ndiyo, tuna EPZ, maeneo ya viwanda vya kuuza nje, miaka kumi bila kodi ya mapato. Lakini hiyo imekatwa kwa kipimo cha anayeshona suruali za kupeleka Marekani. Anayetaka kuuza betri soko la Gikomba, Nairobi, haimtoshi.

Betri imefika nyuma? Nirudishieni basi, redio yangu inaingoja.