Lori Liwe la Mwisho: Mazungumzo na Wafanyabiashara Wanaohamia Dodoma

Mbukwenyi! Hiyo ni salamu ya Kigogo. Nashukuru. Walioitikia wameshakuwa wenyeji, na wasioitikia ndio hasa niliowajia leo.

Mimi ni mchapaji. Kwa miaka kumi na minne kiwanda chetu kidogo kilikuwa Kariakoo, tukichapa vitabu vya risiti, kalenda, kadi za harusi na taarifa za maofisi. Wateja wetu wakubwa walikuwa ofisi za serikali, na zilipohamia huku zikaondoka na kazi zao. Desemba 2023 tukazifuata. Nimeombwa nieleze namna ya kupanga uhamisho wa ofisi, na nitaanzia nilipokosea.

Nilianza na lori. Nilitafuta wenye Fuso, tukapatana bei, nikanunua maturubai, nikaandika kwenye daftari kila meza na kila kabati. Daftari lilijaa vitu, bila jina la mtu hata mmoja. Ijumaa moja ya Oktoba nikawakusanya wafanyakazi wangu tisa na kuwatangazia kwamba Desemba tunahama. Walipiga makofi. Jumatatu fundi mashine wangu aliwahi kabla ya wenzake, akasimama mlangoni mwa chumba changu na kusema, "Mama, mimi sitaweza kwenda."

Mkewe ni muuguzi wa serikali, kituo chake kipo Temeke. Kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza kuna barua zake, na barua hizo zina mwendo wake. Mtoto wao mkubwa alikuwa anaingia darasa la saba. Mambo hayo yote niliyajua, maana tumeshazikana na kuozeshana. Lakini sikumwuliza.

Sasa niwaeleze hasara ya kumwacha fundi ilivyoonekana, kwa sababu haikuonekana siku ileile. Mashine ilifika salama, kijana mmoja akakabidhiwa, na miezi ya mvua ikapita vizuri. Mnajua mvua ya hapa ni msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili hivi. Ilipofika Julai upepo mkavu ukashika, na karatasi zikaanza kukataa. Unafungua rimu asubuhi, mchana kingo zimejikunja kama jani la mgomba lililokauka. Karatasi zinang'ang'aniana, mashine inavuta mbili kwa mpigo, wino unaangukia pasipo pake. Yule kijana alibadilisha mipira ya kunyonyea karatasi, akakaza hapa, akalegeza pale. Siku tatu zikapotea, na mteja anapiga simu.

Siku ya nne nikampigia fundi, Temeke. Hakuuliza chochote kuhusu mashine. Aliuliza, "Rimu mmezifungua lini?" Kisha akasema karatasi iachwe ndani ya kifungashio chake chumbani siku mbili izoee, ifunguliwe saa ya kuchapa tu, na sakafuni pawekwe mabeseni ya maji na magunia yaliyoloweshwa. Kumbe kazi ya uchapaji alijifunzia Singida, kwenye ukavu kama huu. Miaka kumi na moja tuliyokuwa naye ujuzi huo hatukuuhitaji, kwa sababu Dar hewa yenyewe ina maji. Siku tulipouhitaji, mwenyewe tulikuwa tumemwacha kilomita 450 nyuma yetu.

Ndiyo maana nawaomba: kabla hamjapiga simu ya lori, keti na kila mfanyakazi peke yake. Usimwulize mkutanoni, kwa sababu mkutanoni kila mtu anapiga makofi. Mwulize mwenza wake anafanya kazi gani, watoto wako darasa la ngapi, nani anamuuguza mzazi, nani kajenga Chanika na bado analipa mkopo wa bati. Halafu umwulize anajua nini kuhusu kazi hii ambacho wengine hawakijui. Majibu hayo ndiyo yatakayokupa tarehe. Shule zetu zinafungua mwaka Januari, kwa hiyo wenye watoto wanahama Desemba, hata kama mvua nayo inaanza na barabara za mitaa mipya ni tope. Afadhali ufunike mashine kwa turubai mbili kuliko kumhamisha mtoto wa mtu Mei, katikati ya muhula.

Mama aliyekaa karibu na mlango aliniuliza kabla hatujaanza: na asiyetaka kuja? Mama, hilo lina sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi awe na maelezo ya ajira yake kwa maandishi, pamoja na mahali pa kazi. Ukitaka kuyabadili unashauriana naye, kisha unayaandika upya. Nafasi yake ikifutwa kwa sababu ya kuhama, kuna taarifa ya mapema, kuna mashauriano, na kwa aliyefikisha mwaka kuna malipo ya kuachishwa, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10. Jambo jingine ambalo wengi hulisahau: uliyemwajiri Dar ukaja naye huku, ajira yake ikikoma akiwa huku, ni juu yako kumrudisha yeye na mizigo yake pale ulipomwajiria. Liwekeni kwenye bajeti tangu mwanzo.

Angalieni serikali yenyewe. Uamuzi wa makao makuu kuwa Dodoma ulifanywa na TANU mwaka 1973. Msukumo wa mwisho ulipotangazwa Julai 2016, hawakuja wote kwa msafara mmoja. Waziri Mkuu alitangulia Septemba mwaka huohuo, Makamu wa Rais akafuata Desemba 2017, Rais akahamia Oktoba 2019. Walitangulia watu, wakaishi, kazi ikajengewa mahali pa kukaa. Sisi wenye ofisi za watu tisa hatuna miaka mitatu, lakini miezi mitatu tunayo. Tumeni watu wawili watangulie. Ndiyo, utalipa pango la sehemu mbili kwa muda, na litakuuma. Mimi sikulipa, nikalipia Julai.

Wakitangulia, waje nje ya miezi ya bajeti. Kati ya Aprili na Juni Bunge linakaa, nyumba za wageni zinajaa, na dalali anajua hivyo kuliko wewe. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kabla ya kumpa, watu wako walale mtaani hapo wiki moja. Wawaulize majirani maji yanatoka siku zipi, wasimwulize mwenye nyumba. Mji huu kwa sehemu kubwa unakunywa maji ya visima vya Mzakwe, na umekua haraka kuliko mabomba yake, kwa hiyo tangi la akiba si anasa. Wenye mashine, ulizieni umeme wa njia tatu kabla ya kusaini. Ahadi ya "utaletwa" msiilipie kodi.

Karatasi za ofisi nitazipita haraka. Leseni ya biashara inafuata mahali, kwa hiyo mnapitia halmashauri. TRA waelezwe mapema, faili lihame, na mashine ya risiti isihamishwe kimyakimya. BRELA, wanaosajili kampuni na majina ya biashara, wapelekewe anwani mpya. Fanyeni haya mkiwa bado na mtu Dar wa kufuatilia.

Lori sasa. Gari la kuanzia tani 3.5, ukijumlisha na mzigo wake, linapita mizani, kwa hiyo uzito wa mashine ujulikane kabla ya kupakia, na orodha ya mali iliyosainiwa iwe mkononi mwa dereva. Pakia mwisho kile utakachokihitaji kwanza. Kwetu ilikuwa mashine ya kukatia karatasi. Tuliipakia kwanza, ikawa nyuma kabisa ya shehena, na vijana wakashusha mzigo wote usiku ili kuifikia.

Mmoja wenu ataniuliza fundi yuko wapi. Uhamisho wa mkewe ulitoka, ukachelewa lakini ukatoka. Nilikwenda kuwapokea wote watano stesheni ya SGR, na begi la shule la mtoto nikalibeba mwenyewe. Niliwaandalia nyumba Nkuhungu, chakula kiko tayari. Fundi akaomba kwanza tupitie kiwandani. Aliingia, akachukua karatasi moja juu ya rundo, akaikunja ukingo kwa kidole gumba na kuuachia, akausikiliza. Kisha akamgeukia yule kijana na kumuuliza beseni liko wapi.