Kipimo cha Kumi na Mbili

Ndugu zangu, wanaonifahamu hapa Moshi wanajua nitasema nini, na nitalisema tena: kipimo cha virusi vya UKIMWI hakitibu hofu. Kinatibu kutojua. Mtu akishajua na bado anatetemeka, kumpima tena ni kumwongezea ugonjwa.

Kuna kijana mmoja, dereva wa Hiace, ameniruhusu nisimulie haya. Alikwenda kunyoa Mbuyuni, mashine ikamchuna nyuma ya sikio, tone la damu likatoka. Akalala vizuri. Siku ya tisa koo likauma, akafungua simu kusoma dalili, na usingizi ukaishia hapo. Akapima: hana. Akasubiri miezi mitatu kama alivyoelekezwa, akapima: hana. Hilo ndilo jibu la mwisho. Miezi mitatu ikipita na hujajiweka hatarini tena, damu imekwisha kusema.

Yeye hakuisikia. Akapima kwingine hapa mjini, akaenda mpaka Arusha, akabadilisha jina ili wasijue kwamba juzi alikuwa kwa wenzao. Alipofika kwangu alikuwa na vipimo kumi na moja. Kila "huna" ilimpa usingizi wa siku mbili. Ya tatu anajiuliza, je, kama walichanganya majibu? Je, kama mwili wangu si kama wa wengine? Kila asubuhi alipanda mizani ya wale vijana wa stendi, na kweli alikuwa anapungua, kwa sababu alikuwa hali! Alijiminya tezi za shingo mpaka zikauma, kisha maumivu yale yale akayafanya ushahidi. Tumbo kuharisha, jasho, moyo kwenda mbio: hofu peke yake inaleta hayo yote.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mama, unatukataza kupima?" Sikatazi! Umelala na mtu usiyejua hali yake bila kondomu, umebakwa, umechomwa na sindano iliyotumika: usikae hapa kunisikiliza, nenda kituo cha afya kabla saa 72 hazijapita. Dawa ya kinga ipo, inamezwa siku 28. Hofu hiyo ina kazi, inakupeleka mahali. Ya kijana wangu ilizunguka tu palepale, kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti.

Na mashine ya kinyozi? Virusi hivi vikitoka mwilini vinapoteza nguvu upesi, na mashine haina tundu la kuhifadhi damu kama sindano. Dai isafishwe, ndiyo, mapunye yapo.

Sasa, cha kumi na mbili hatukupima. Alinililia, nikakataa. Kushika shingo tukapunguza: mara tatu kwa siku, kisha mara moja, kisha basi. Kusoma dalili kwenye simu, marufuku. Wazo likija asiligombeze wala asilijibu. Aliache likae humo kama abiria mkorofi, yeye ashike usukani. Mke wake nilimwita pia. Usiku mzima alikuwa anaulizwa, "Unaniona nimekonda?" naye anajibu kwa upendo, "Hujakonda." Kila jibu lilikuwa ukuni motoni. Nilimwomba anyamaze, na hilo lilimuuma kuliko yote. Wiki ya sita kijana akarudi kwa kinyozi yule yule, kiti kile kile. Alitetemeka, akanyoa, akakaa na hofu yake mpaka ikashuka yenyewe.

Naharakisha, naonyeshwa saa. Sisi wa umri wangu tulilelewa na hofu hii. Tangu wagonjwa wa kwanza wa Kagera mwaka 1983 tulichojua ni kaburi tu. Leo anayemeza dawa vizuri, virusi vyake vikawa havionekani kwenye kipimo, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Wanaoishi na VVU wamo humu ukumbini, na wanawasikia mnaposema "heri nife." Acheni.

Anayetaka kupima mara ya tano asirudi maabara. Aende hospitali, Mawenzi au KCMC, aulizie afya ya akili.

Nilitaka kusema juu ya majuto, maana kwa wengi hofu hii inaanzia kwenye jambo walilolifanya na hawajamwambia mtu. Muda umekwisha. Mwenye hilo asiende nyumbani nalo. Nitakuwa kwenye benchi pale mlangoni mpaka saa kumi na moja.