Mita Inayodanganya: Mhadhara juu ya kufufua vyombo vya zamani vya kupimia umeme

Walimu wangu, mafundi wenzangu, nanyi wanangu wanafunzi: wakubwa shikamooni, vijana hamjambo.

Mezani nimeweka vyombo viwili. Hiki cheusi chenye mkanda wa ngozi ni Avomita, mita ya mshale ya kupimia umeme, Modeli ya 8. Hiki kikubwa chenye skrini ni oskiloskopu, chombo kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini, ya Tektronix, namba 465. Wengi wenu mmezaliwa mkavikuta duniani. Vyote viwili vinawaka, na kwa mafundi wengi kazi ingeishia hapo: kimewaka, kimepona, kirudi kabatini. Mimi naona hapo ndipo kazi inapoanza.

Redio ikifa inanyamaza, na mwenye redio anajua imekufa. Chombo cha kupimia kikiugua hakinyamazi. Kinaendelea kukupa namba, nawe unaziamini kwa sababu huna nyingine.

Hili lilinitokea mwenyewe. Nilikuwa kijana, nikatumwa kwenye zahanati moja ya kijijini kutazama chaja ya betri za redio ya mawasiliano. Betri ya volti 12 ya risasi na asidi, ikiwa inakaa kwenye chaja siku zote, hutakiwa kupata kama volti 13.8. Nikaweka mita yangu ya mshale, ikasoma 12 na nusu. Nikasema chaja imechoka. Nikazungusha skrubu ya kurekebishia mpaka mshale ukakaa pale pale, 13.8, nikaandika kwenye daftari, nikaaga. Kumbe chaja ilikuwa nzima tangu mwanzo. Ndani ya mita, rezista, yaani vipande vya kukinza umeme, za renji ya volti 25, ile ya kupimia hadi volti 25, ambazo jumla ya ukinzani wake ilitakiwa iwe omu laki 5, zilikuwa zimepanda kwa asilimia 10. Mita ikawa inasoma pungufu, nami nikawa nimeipandisha chaja hadi volti 15 na ushee. Betri zikachemka usiku na mchana mpaka maji yakakauka. Siku walipotaka kuita gari la wagonjwa, redio haikuwaka. Mama mmoja alibebwa kwa baiskeli hadi hospitali. Alipona, namshukuru Mungu, lakini barua niliyoandikiwa na mganga wa zahanati ile bado ninayo.

Kwa hiyo leo tutazungumza kuhusu kutengeneza, lakini nia yangu ni moja: chombo kisitoke mikononi mwako mpaka ujue kama kinasema kweli.

Tuanze na Avomita. Aliyeibuni ni Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza, aliyechoka kubeba chombo kimoja cha ampea, kingine cha volti, kingine cha omu. Akaviweka vyote kwenye sanduku moja, likaingia sokoni mwaka 1923. Jina lake ni herufi za mwanzo za vipimo hivyo vitatu, na kwa Kiswahili chetu nazo zinakaa sawasawa: ampea, volti, omu. Hii Modeli ya 8 ilitoka mwaka 1951, ikaendelea kutengenezwa hadi mwaka 2008. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Ukiletewa Avomita, usikimbilie kupima kitu. Fungua chumba cha betri kwanza. Ndani mna betri mbili, moja ya volti 1.5 na nyingine ndogo ya volti 15, na huko ndiko mita nyingi zinakofia. Mtu ameiweka kabatini miaka 10, betri imevuja, chuma cha mguso kimeliwa. Unga mweupe wa betri za alkali unausafisha kwa siki kidogo au maji ya ndimu kwenye kijiti cha pamba, kisha unapangusa kwa spiriti, unaacha pakauke kabisa. Ukiacha unyevu humo, kutu inarudi.

Halafu tazama mshale. Mita ikiwa imelala mezani, mshale ukae kwenye sifuri. Haukai, kuna skrubu ndogo ya kuurudisha. Chini ya mizani ya namba mna kioo, na si pambo. Sogeza kichwa mpaka mshale ufunike kivuli chake kiooni, ndipo usome. Usiposoma hivyo, jicho lako ndilo linalodanganya, na mita haina kosa.

Sasa jambo ambalo vijana wengi hawaambiwi. Avomita hii ina omu 20,000 kwa kila volti ya renji kwenye umeme mnyoofu, yaani DC, kama wa betri. Ukiwa kwenye renji ya volti 10, saketi inaona kama umeiwekea rezista ya omu laki 2. Mita zenu za digitali nyingi zinaonekana kama omu milioni 10. Kwenye betri tofauti hiyo haionekani. Lakini ukipima sehemu ya saketi yenye ukinzani mkubwa, Avomita inaishusha volti yenyewe kwa kuigusa tu. Ndiyo maana michoro mingi ya zamani inaandika pembeni kwamba volti hizi zimepimwa kwa mita ya omu 20,000 kwa volti. Mtu anapima kwa digitali, anaona volti zimezidi za kwenye mchoro, anaanza kubadilisha transista ambazo ni nzima. Mchoro na mita ni wa zama moja. Soma maelezo ya pembeni kabla hujashika pasi ya kulehemu.

Na hili la pili liandikeni: kwenye renji ya omu, waya mweusi wa Avomita ndio unaotoa chanya. Ukipima dayodi, kile kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwa mazoea ya mita ya digitali utaiona iko kinyume, na utaiweka kinyume.

Haya, tuje kwa mkubwa. Tektronix ni kampuni iliyoanzishwa Oregon, Marekani, mwaka 1946. Namba 465 ilitoka mwaka 1972: mistari miwili kwenye skrini, megahezi 100, na mtu mmoja anaibeba kwa mkono. Hii niliipata kwenye vitu vilivyokuwa vinaondolewa stoo. Aliyeleta aliniambia, "Mzee, hii inanguruma tu, haionyeshi kitu."

Kabla ya kuichomeka ukutani, geuza nyuma utazame swichi ya volti. Vyombo vingi vya Marekani vilivyofika kwetu vimewekwa kwenye 115, na ukutani kwetu kuna 230. Fyuzi nayo itoe uitazame namba yake, kwa sababu aliyekutangulia huenda aliweka waya. Kisha unaiwasha kupitia taa ya wati 100, ile ya nyuzi, iliyoungwa kwa sirizi, yaani umeme upite kwenye taa kwanza ndipo ufike kwenye chombo. Taa ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani kuna shoti. Ikiwaka mara moja ikafifia, unaweza kuendelea. Taa hiyo ni ya hatua ya kwanza tu. Nayo inakula volti, kwa hiyo usijaribu kupima kitu kwa uhakika ikiwa bado iko njiani.

Taa yangu iliwaka kama ya sebuleni. Nikachomoa, nikasubiri kapasita kubwa, zile zinazohifadhi umeme, ziumwage, nikapima omu kwenye njia za umeme wa ndani. Chombo hiki kina njia tano kuu: volti 110, 55, 15, 5 na hasi 8. Nne zilikuwa salama. Ya volti 15 ilikuwa na omu 2 tu kwenda kwenye chasisi, fremu ya chuma ya chombo; hiyo ni shoti.

Mwizi hapo mara nyingi ni kapasita ya tantalamu, ile yenye umbo la tone la maji. Kapasita ya kawaida ya maji ikizeeka inakauka na uwezo wake unapungua. Tantalamu ikizeeka inajifunga yenyewe na kuwa kipande cha waya. Tatizo ni kwamba njia moja inaweza kuwa na tantalamu nyingi, bodi hii na bodi ile. Nimeona mafundi wanazing'oa moja moja mpaka wapate, na njia za shaba zinang'oka pamoja nazo. Kuna namna ya upole zaidi. Chukua pawa sapulai ya mezani, uibane isitoe zaidi ya nusu ampea, uilishe njia ile yenye shoti, chombo chenyewe kikiwa kimechomolewa. Kisha pima milivolti kati ya chasisi na sehemu mbalimbali za njia. Umeme unakimbilia kwenye shoti, na kadiri unavyoikaribia, milivolti zinashuka. Zinapokuwa chini kuliko kwingine kote, mwizi yuko hapo. Nilimkuta kwa dakika 20. Wakati wa kuweka mpya, chanya na hasi zitazamwe mara mbili. Tantalamu iliyowekwa kinyume inalipuka usoni.

Hapa nisimame kidogo, maana nataka mrudi nyumbani wazima.

Bomba la skrini linafanya kazi kwa maelfu ya volti, na umeme huo hubaki ndani hata baada ya kuchomoa. Ondoa pete na saa. Usifanye kazi hiyo peke yako chumbani. Mkono mmoja uwe nyuma ya mgongo unapopima penye volti kubwa, umeme usipate njia ya kupita kifuani. Na ile tabia ya kukata pini ya ethi kwenye plagi ya oskiloskopu ili upime kifaa cha watu bila fyuzi kuruka, iacheni. Waya wa klipu wa probu, ile kalamu ya kupimia, umeungwa na chasisi. Ukikata ethi, siku ukibana klipu hiyo kwenye sehemu yenye volti 230, sanduku zima, nobu za chuma na soketi za mbele, vinakuwa na volti 230, na wewe umeziegemea. Kinachotakiwa kutengwa ni kile kifaa unachokipima, kwa transfoma ya kutenga. Oskiloskopu ibaki na ethi yake. Hili sina mjadala nalo.

Njia zote tano zikisimama sawa, mstari unatokea. Furaha ipo, lakini tulia. Usiache mwanga ukiwa mkali kwenye nukta isiyosogea, inachoma ndani ya kioo na alama haitoki tena. Swichi za kuzungusha zitakuwa zinaruka ruka, hasa kwetu huku pwani ambako hewa ni ya chumvi. Migusano yake imepakwa dhahabu nyembamba sana. Msasa ni mwiko. Kata kipande cha karatasi safi, kiloweshe spiriti, kipitishe katikati ya mguso, vuta taratibu. Karatasi itatoka nyeusi. Rudia mpaka itoke safi.

Nawapenda watengenezaji wa zama hizo kwa sababu walimfikiria fundi ambaye hawatamwona. Oskiloskopu za Tektronix za valvu, za namba 500 na kitu, zilikuwa na vipande vya kauri ambavyo sehemu zililehemewa juu yake. Kauri hiyo inahitaji risasi ya kulehemu yenye madini ya fedha ndani yake, la sivyo mshiko unaachia. Basi ndani ya chombo waliweka kigurudumu kidogo cha risasi hiyo, kimetulia pale kinakusubiri. Ukikikuta, usikitumie kwa kazi nyingine.

Mfano mwingine ni jenereta ya mawimbi ya sauti ambayo William Hewlett na David Packard waliianza nayo kampuni yao mwaka 1939, namba 200A. Ndani mna balbu ndogo. Haipo kwa ajili ya kumulika. Wimbi likipanda, nyuzi inapata joto, ukinzani wake unaongezeka, wimbi linarudishwa chini. Fundi akiona balbu haitoi mwanga, akaweka yoyote ya ukubwa ule, jenereta italia vizuri tu sikioni na wimbi litakuwa limeharibika. Tumerudi kulekule kwenye kusema kweli.

Sasa urekebishaji. Ndani ya 465 kuna skrubu ndogo nyingi za kurekebishia, na mkono unawasha kuzigusa. Usiziguse mpaka njia zote za umeme ziwe ndani ya viwango vya kitabu cha huduma, chombo kikiwa kimewaka angalau dakika 20. Halafu fuata kitabu kwa mpangilio wake, kwa sababu hatua ya 9 inategemea ya 3. Na unapima kwa kutumia chombo gani? Kwenye karakana yangu kuna mita moja ninayoiita mita mama. Haiazimwi, haiendi safari, haipimi chaja ya mtu. Kila baada ya muda inapelekwa maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vyombo vya kupimia, kwenye shirika la viwango, kwa Tanzania TBS, kwa wenzetu Kenya KEBS, inarudi na cheti chenye namba. Mita nyingine zote zinalinganishwa nayo, renji kwa renji, si renji moja tu. Ile mita yangu ya zahanati ilikuwa sahihi kabisa kwenye renji ya volti 10. Naandika tarehe na kilichosomwa, na daftari linakaa na chombo. Kabatini naacha balbu ya wati 15 inawaka usiku na mchana, unyevu usiingie.

Naona mkono nyuma pale. Ndiyo, mwanangu?

Anauliza betri ya volti 15 ya Avomita inapatikana wapi siku hizi. Swali zuri, maana watu wanazitupa mita hizi kwa sababu hiyo tu. Dukani ni shida kuipata. Lakini chukua betri ndogo ya rimoti ya geti, ile nyembamba ya volti 12, uiunge na betri moja ya kitufe ya volti 3. Jumla 15, na zinaenea kwenye chumba kilekile. Nimekuja nazo. Sogeeni mezani, tuifungue hii tuziweke sasa hivi, halafu tuipime omu mbele ya mita mama.