Ndoto Ikigonga Ukuta

SALIM: Karibuni tena kipindini. Leo tunazungumzia ndoto zetu, na namna ya kuzifuata bila kukata tamaa. Dada Neema, watu huambiana, "Jione umeshafanikiwa, na mafanikio yatakuja." Wewe hukubaliani nao.

NEEMA: Sikubaliani, kaka, na nasema hivi kwa kuwa nawapenda watu wenye ndoto. Mwanasaikolojia Mjerumani, Gabriele Oettingen, alifuatilia wanafunzi waliokuwa wanamaliza chuo kikuu. Miaka 2 baadaye, wale waliokuwa wakijiona mara kwa mara wako kwenye kazi nzuri walikuwa wametuma maombi machache kuliko wenzao, na hata mishahara yao ilikuwa midogo.

SALIM: Machache? Mimi ningedhani wao ndio wangekuwa wa kwanza kutuma!

NEEMA: Anavyoeleza yeye, ukishaonja raha ya ushindi kichwani, mwili unalegea kana kwamba kazi imekwisha. Ila sikiliza hapa, maana wengi wanaliruka: wale walioamini kwamba uwezekano wa kupata kazi ni mkubwa, wao walifanikiwa zaidi. Kwa hiyo matumaini yanasaidia sana. Njozi tamu ndizo zinazotulaza.

SALIM: Basi mtu afanye nini na ndoto yake?

NEEMA: Aitaje, aone uzuri wake, kisha ajiulize palepale: ndani yangu mna nini kitakachonizuia? Woga? Aibu ya kuomba msaada? Halafu atumie mbinu aliyoichunguza mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, ya kupanga mapema: likitokea hili, nitafanya lile. "Nikirudi nimechoka, nitaandika aya moja kabla sijashika simu." Uamuzi unakuwa umeshafanyika. Uchovu ukija, hauna cha kujadiliana nawe.

SALIM: Hapo umenigusa. Tunasema fulani ana moyo wa chuma, kumbe pengine alijipanga tu mapema. Sasa niruhusu nimlete Eliud Kipchoge.

NEEMA: Mlete!

SALIM: Mwaka 2003 alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000, bado kijana mdogo. Mwaka 2012 akakosa nafasi kwenye timu ya Olimpiki ya London. Wengi wangesema basi, zama zake zimepita. Mwaka uliofuata akaingia marathoni, akashinda Hamburg. Mwaka 2016 akachukua dhahabu ya Olimpiki kule Rio.

NEEMA: Na kule Monza, Italia, 2017?

SALIM: Ndipo nilipokuwa naelekea! Alitaka kumaliza marathoni chini ya saa 2, akatumia saa 2 na sekunde 25. Mwaka 2019, Vienna, akarudia: saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuhesabiwa rekodi rasmi, kwa kuwa mbio zilipangwa maalumu kwa ajili yake. Lakini binadamu alikuwa amefika.

NEEMA: Tazama zile sekunde 25. Mmoja angesema, "Haiwezekani, mimi ndivyo nilivyo." Mwingine aseme, "Safari hii sikufika." Mwanasaikolojia Martin Seligman ameandika mengi kuhusu tofauti hiyo: mwenye matumaini huona pigo ni la muda, na ni la jambo hilo moja tu, halijaharibu maisha yake yote.

SALIM: Ila kuna kitu nakipenda zaidi kwa Kipchoge. Aliacha mbio za uwanjani. Hakuacha kukimbia.

NEEMA: Msikilizaji atauliza: nitajuaje kama ni njia inayotaka kubadilishwa, au ni mimi nimechoka?

SALIM: Mimi ningemwambia apumzike kwanza. Uchovu ni mshauri mbaya.

NEEMA: Kisha aiangalie kazi yenyewe, ile ya kila siku, bila makofi ya watu. Kama bado anaitamani, atafute njia nyingine ya kuifikia. Kama alichokuwa akikitamani ni makofi peke yake, ana haki ya kuiacha na kuchagua ndoto nyingine, na asione aibu.