Muktze: kupanga meza ya Sabato na kushika vyombo vya nyumbani

Karibuni. Muktze ni kitu kisichosogezwa siku ya Sabato ya Kiyahudi. Haya tunayafanya Ijumaa kabla jua halijazama, kwa sababu hali ya kitu wakati wa magharibi ndiyo inayoamua hukumu yake mpaka Sabato itoke kesho usiku.

Weka trei mezani, na vinara juu yake. Usiwashe bado! Leta kwanza mikate miwili ya chala, yaani mikate ya Sabato, iweke juu ya meza hiyohiyo, si kwenye trei, uifunike. Sasa washa, dakika 18 kabla ya jua kuzama. Moto ni muktze, hausogezwi, na kitu kilichowekewa moto juu yake kwa makusudi ni bosisi, yaani kibebeo: hukumu yake inafuata mzigo wake. Meza iliyobeba mishumaa peke yake magharibi haisogezwi Sabato nzima, hata mishumaa ikiisha. Ikibeba mikate pia, mikate ndiyo yenye umuhimu zaidi, na mishumaa ikishazimika unaweza kuisogeza meza pamoja na vinara vyake. Trei na vinara peke yake, hapana. Wengi hukwama hapa: mikate wameiacha jikoni hadi wakati wa kula.

Sasa nyundo. Kazi yake imekatazwa, lakini yenyewe haijafungwa kabisa. Unataka kupasua jozi na huna kifaa kingine? Ichukue. Imelala kwenye kiti unachotaka kukalia? Iondoe, na ikiwa tayari mkononi, iweke popote upendapo. Kuitoa juani ili mpini usiharibike, hairuhusiwi, kwa kuwa hapo unaihangaikia nyundo yenyewe. Kisu cha kuchinjia ni kizito zaidi: mwenyewe hukitunza kisipate pengo, hakitumii kwa kingine, basi hakisogezwi, si kwa kukitumia wala kwa kupata nafasi yake.

Pesa zitoe kwenye droo leo. Ukikuta kesho sarafu uliyoisahau juu ya mto, usiishike. Inamisha mto hivi, taratibu, idondoke yenyewe. Kama uliiweka pale kwa makusudi na ikakaa hadi magharibi, mto nao ni bosisi, uache.

Kugusa bila kusogeza si kosa. Na jiwe likiwa njiani, marabi wengi wanaruhusu ulisukume kwa mguu au kiwiko, kwa kuwa mtu kwa kawaida habebi vitu kwa njia hiyo. Wapo wanaokaza zaidi, kwa hiyo muulize rabi wako kabla ya Ijumaa.