Vikao Vitatu vya Kwanza: Kuanzisha Kikundi cha Michezo ya Uhusika Mtandaoni

Habari za jioni, na karibuni nyote. Nianze na walio wageni kabisa. Katika mchezo huu watu wachache hukusanyika, mmoja akawa msimulizi, waliobaki kila mmoja akamwigiza mhusika wake, na jambo lisilo na uhakika likaamuliwa kwa dadu. Dungeons & Dragons, wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974, ndio uliofungua njia, nami nitautolea mifano kwa sababu moja ya kifedha: kanuni zake za msingi ni za bure. Tangu Januari 2023 ziko chini ya leseni ya Creative Commons. Unaweza kuzipakua, kuzigawa, hata kuzitafsiri, mradi utaje zilikotoka.

Sasa, vikundi vya mtandaoni vinavunjwa na ratiba na sauti kuliko kanuni. Mtu anasoma kitabu kizima, anachora bara lenye falme saba, anatangaza kampeni, yaani kisa kirefu cha vikao vingi, ya mwaka mzima, na kikao cha tatu hatokei mtu. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: usiwaite wanaoanza kwenye kampeni. Waite kwenye kisa kimoja cha vikao vitatu, tarehe zote tatu zikijulikana tangu mwanzo. Mtu akiuliza kitaisha lini, umjibu siku na saa.

Alika wachezaji watano, na mkubaliane kwamba wakiwapo watatu mnacheza. Ukialika watatu tu, mmoja akikosa bando kikao kimekufa. Ukialika saba, hakuna atakayepata nafasi ya kusema. Amueni mapema mhusika wa asiyekuwepo anakwenda wapi: abaki kambini akilinda mizigo, hafi wala hapotezi kitu. Mkiliacha hilo hadi usiku wenyewe, nusu saa itakwenda kwa mabishano.

Saa ndiyo mtego wa kwanza, hasa kikundi kikiwa na ndugu walio ng'ambo. Ukiandika "saa mbili usiku", wa Dar es Salaam na wa Nairobi wameelewa, lakini aliyekulia Toronto anaweza kuisoma kama saa nane. Andika zote mbili: saa mbili usiku, yaani 20:00 za Afrika Mashariki. Muda huo Muscat ni 21:00, Kigali, Bujumbura na Lubumbashi ni 19:00. London ni 17:00 wakati wa baridi na 18:00 kiangazi. Toronto ni adhuhuri au saa moja baadaye. Sisi saa zetu hazibadiliki mwaka mzima, zao hubadilika: Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, Marekani na Kanada Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Wiki zinazofuata mabadiliko hayo ndizo ambazo mtu hufika saa nzima kabla au baada ya wenzake na kuapa kwamba amewahi. Ukitengeneza kikao kama tukio ndani ya Discord, programu ya kuongea na kuandikiana kikundi, kila mmoja ataonyeshwa saa ya alipo, na ubishi utakwisha.

Tukiwa hapo hapo Discord: fungua seva ya kikundi, yaani ukumbi wenu wenyewe, na usiijaze vyumba. Chumba kimoja cha sauti, na vitatu vya maandishi: matangazo, dadu, na porojo. Kiungo cha kualika kiwekee kikomo cha watu watano, usikitupe hadharani. Video zimeni. Si lazima mwonane, na bando mtaliokoa kwa kiasi kikubwa. Sauti peke yake ni nafuu: chumba cha kawaida hutumia kilobiti 64 kwa sekunde, yaani takriban MB 29 kwa saa kwa kila sauti inayosikika. Kwa kikao cha saa mbili na nusu, mtu akitenga MB 200 hatakwama. Mtandao ukisuasua, msimulizi ashushe chumba hadi kilobiti 32. Kwa mazungumzo ya kawaida inatosha.

Kila mtu avae hedifoni. Hata zile za simu za bei ya chini zinafaa. Anayesikilizia spika huzirudisha sauti za wenzake kwenye maiki yake, na wote husikia mwangwi isipokuwa yeye. Ukitaka kumpata, uliza nani hasikii mwangwi wowote.

Ramani? Kikao cha kwanza kinaweza kwenda bila ramani kabisa, kwa masimulizi matupu. Mkiitaka, tovuti ya Owlbear Rodeo hufunguka ndani ya kivinjari, na wachezaji huingia kwa kiungo tu. Tovuti ya Roll20 ina mengi zaidi, ila kwa kawaida kila mtu hutakiwa kujisajili, na kwenye simu ndogo inachosha. Foundry, programu ya kazi hiyo hiyo, ni nzuri sana na hununuliwa na mmoja tu kwa niaba ya wote, lakini sikushauri uanze nayo: kwa kawaida mchezo hukaa kwenye kompyuta ya msimulizi, na wengine huingia humo kutoka nje. Kampuni nyingi za simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya intaneti, kwa hiyo mlango huo haufunguki hata ukihangaika usiku kucha. Picha ya ramani isizidi MB 1 au 2, la sivyo mwenye mtandao dhaifu atatazama skrini nyeupe wakati wenzake wameshaingia pangoni.

Kabla ya kikao cha kwanza kuna kikao cha sifuri, dakika 60 tu, na hizo usizihesabu kwenye vile vitatu. Humo mnajaribu maiki, mnagawana wahusika, mnakubaliana mambo yasiyotakiwa kwenye kisa. Kila mtu amwandikie msimulizi faraghani asichotaka kukikuta: mateso ya watoto, buibui, chochote kile. Halazimiki kueleza sababu. Wakati wa mchezo, mtu akiandika herufi X chumbani, msimulizi anaruka jambo hilo papo hapo na hamwulizi mtu. Faida yake mtandaoni ni kubwa zaidi kuliko mezani, kwa kuwa huoni uso wa aliyeumia.

Wahusika uwaandae wewe mwenyewe. Najua wakongwe watanibishia, lakini kumtengeneza mhusika kutoka mwanzo kunamla mgeni saa nzima, tena akichagua vitu asivyojua kazi yake. Andaa watano wa ngazi ya 1: mpiganaji, kuhani, mjanja wa kufungua makufuli, mchawi, na mpiganaji wa pili wa upinde. Namba za kugawa kwenye sifa sita za mhusika, kama nguvu na akili, zimeshapangwa: 15, 14, 13, 12, 10 na 8. Kinachotumika mchezoni ni nyongeza yake: toa 10, gawanya kwa 2, nusu ikibaki ishushe. Kwa hiyo 15 na 14 zinatoa +2, 13 na 12 zinatoa +1, 10 haitoi kitu, 8 inapunguza 1. Kwa anachokimudu, mhusika wa ngazi ya 1 huongeza 2 nyingine. Mgeni kuliko wote mpe mpiganaji; mchawi ana maneno ya uchawi ya kusoma na hana uhai wa kutosha kukosea.

Mchezaji anatupa dadu ya pande 20, anajumlisha nyongeza, anashindana na kiwango cha ugumu: 10 ni rahisi, 15 wastani, 20 ngumu. Neno "wastani" linadanganya. Mwenye +4 dhidi ya 15 hufaulu mara 10 katika 20, na asiye na nyongeza mara 6. Kwa wanaoanza tumia 10 na 12 zaidi. Na usiitishe dadu mahali ambapo kushindwa kunafunga kisa. Ikiwa dalili pekee iko nyuma ya mlango mmoja, mlango ufunguke. Dadu iamue kama kelele zimesikika.

Mapambano yaandae kwa hesabu. Kwa kanuni za toleo la 2014, wahusika wanne wa ngazi ya 1 wakikutana na goblini (vijitu viovu vya hadithi) watatu ni pambano gumu, na wanne ni la kuua. Goblini mmoja ana alama 7 za uhai, na mshale wake hutoa wastani wa alama 5. Mchawi anaweza kuwa na 7 tu. Anza na wawili. Pia hesabu muda: mtandaoni mgeni hutumia dakika mbili au tatu kwa zamu, hivyo raundi tatu zitameza kama dakika 40. Pambano moja kwa kikao linatosha. Andika orodha ya zamu kwenye chumba cha dadu, na kila mara taja wawili: "Zamu ya kuhani, mchawi jiandae."

Hiyo kanuni ya kutaja jina itumie kila mahali. Ukiuliza "Mnafanya nini?", kutakuwa kimya, kisha watatu wataongea kwa pamoja na mtandao utawakatakata. Uliza: "Mjanja, unasikia hatua nyuma ya ukuta. Unafanya nini?" Mchezaji mmoja akimaliza nusu saa bila kusema, mwulize yeye swali linalofuata, kwa upole, hasa kama ana kelele nyumbani na anaona haya kufungua maiki. Anaweza pia kuandika, msimulizi atamsomea.

Umeme ukikatika kwa msimulizi, wachezaji wasubiri dakika 15, kisha walale. Kwa hiyo mmoja wao awe ameandika mistari mitano ya yaliyotokea kabla ya kikao kwisha, na aibandike kwenye matangazo.

Baada ya kikao cha tatu, mwulize kila mmoja faraghani kama yuko tayari kwa vitatu vingine. Wanaosita waache waende kwa amani. Nafasi zijazwe kabla ya duru mpya, kamwe isiwe katikati, na anayeingia aanze na ngazi ile ile ya wenzake, ambayo sasa itakuwa ya 2. Akijitokeza mchezaji anayetaka kusimulia duru hiyo, mwachie kiti.

Maswali sasa. Tuanze na wale wanaocheza kwa simu.